Kazi ya Mchana Ndiyo Mfadhili Wako

Haya ni maneno niliyoyasema jioni moja mbele ya mkusanyiko wa watu wenye ajira mchana, ambao katika saa zinazobaki wanachora, wanaandika, wanaimba, wanashona au wanachonga. Walioshindwa kufika wameomba wayasome, kwa hiyo nayaweka hapa yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, hamjambo?

Ahsanteni kwa kuniita, na ahsanteni zaidi kwa kuja, maana najua mmetoka kazini. Naziona nyuso. Yupo aliyesimama kutwa nzima, yupo aliyekaa kitini kutwa nzima, yupo aliyemwacha mtoto kwa jirani ili afike hapa. Nami nimetoka kazini. Mimi ni karani wa mishahara. Kila mwezi nahakikisha mamia ya watu wanalipwa walichokitolea jasho, na ni kazi ninayoiheshimu. Nikishatoka hapo, mimi ni seremala.

Nilipoanza kusema hivyo hadharani, kwamba mimi ni karani na ni seremala, watu wazima walinikumbusha methali. Mnaijua. Mshika mawili...?

(Ukumbi: Moja humponyoka!)

Naam. Moja humponyoka. Nimeambiwa hivyo na wazee ninaowaheshimu, na sikuja hapa kuwapinga. Kuponyokwa kupo, nami nimeponyokwa, nitawaeleza. Lakini nina swali ambalo jioni hii nataka tulibebe pamoja. Je, kama kati ya hayo mawili, moja ndilo lililolishika lenzake mkono? Je, kama ukiliachia hili, lile nalo linaanguka?

Nianze na lililonipata mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natengeneza viti. Nilikuwa nikitengeneza kimoja baada ya kimoja, bila haraka, jioni na siku za mapumziko. Watu wakavisifu, wakaleta oda. Nikaamini kwamba kinachonizuia kuwa fundi mkubwa ni ile meza ya ofisini. Nikaandika barua, nikaacha kazi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha, siwafichi. Naamka, naingia karakana, harufu ya mbao, mchana mzima ni wangu. Mwezi wa pili nikaanza kuhesabu. Mwezi wa tatu kodi ya nyumba ikaniuliza jina langu. Ikaja oda ya viti sita, mwenye oda anavitaka upesi, nami nazitaka fedha zake upesi kuliko yeye anavyovitaka viti. Sasa, gundi ya mbao ina tabia yake. Inataka kiungo kikae kwenye vibano usiku kucha, kisiguswe. Mimi nikavifungua vibano baada ya saa mbili ili nivitumie kwenye kiti kinachofuata. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, vikang'aa. Vilikuwa viti vizuri kwa macho.

Mama mmoja mtu mzima alikalia kimoja, mguu ukachomoka. Mungu ni mwema, hakuumia. Alikirudisha mwenyewe. Hakuniambia neno baya hata moja. Alikiweka kiti mlangoni kwangu, akaulaza ule mguu juu ya kikalio, akaondoka.

Nilikitazama kiti kile kwa muda mrefu. Mikono iliyokitengeneza ilikuwa ile ile. Mbao zile zile. Randa ile ile. Kilichobadilika ni nini? Ndugu zangu, kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimekitwika kipaji changu mzigo wa nyumba nzima kabla hakijakomaa mgongo. Nilikuwa nimemtuma mtoto mdogo akatafute posho. Na mtoto akitumwa kutafuta posho atajifunza mambo mengi, lakini kucheza atasahau.

Baada ya miezi kumi na minne nilirudi kwenye ajira. Wapo walioniona nimeshindwa. Wengine walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Lakini wiki ile ile niliyopokea mshahara wa kwanza, nilikitengeneza upya kiti cha yule mama, nikakiacha kwenye vibano siku mbili nzima kwa sababu hapakuwa na kitu cha kunikimbiza. Siku mbili! Nikampelekea. Siku ile ndipo nilipoelewa maana ya kujitegemea.

Tunadhani kujitegemea ni kutokuwa na mwajiri. Mimi nasema hapana. Unaweza usiwe na mwajiri ukawa mtumwa wa kila anayepita na oda. Zamani wasanii walikuwa na wafadhili, wafalme na matajiri. Mfadhili anakulisha, na kwa kuwa anakulisha, anakuambia uchore nini. Sisi tunaye mfadhili mwingine. Anatulipa kila mwezi, na hataki kujua usiku tunachora nini. Mfadhili huyo ni kazi yako ya mchana. Kazi yako ya mchana! Ile unayoilalamikia. Kwa njia yake, mfadhili wa kipaji chako ni wewe mwenyewe.

Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Charles Ives, aliyezaliwa mwaka 1874. Mchana alikuwa mtu wa bima mjini New York, tena mkubwa, ana kampuni na mwenzake. Nje ya saa za kazi alikuwa anatunga muziki, na muziki wake ulikuwa mgumu kumezeka. Aliweza kuzikutanisha bendi mbili katika wimbo mmoja, kila bendi na mwendo wake, kama mtoto aliyesimama njia panda maandamano mawili yakikutana. Wanamuziki wa wakati wake waliona ni kelele. Simfoni yake ya tatu, yaani utungo mrefu wa okestra, aliitunga mwanzoni mwa karne ya 20. Mnajua ilipigwa lini hadharani kwa mara ya kwanza? Mwaka 1946. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer, naye ana miaka 72. Muziki ule ulisubiri zaidi ya miaka 30. Nani aliulisha miaka yote hiyo? Bima. Kama muziki ule ungetumwa kulipa kodi ya nyumba, ama ungekufa, ama ungebadilishwa mpaka ufanane na mwingine.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya kwenda New York. Shaaban Robert alikuwa nani mchana? Karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, akakaa huko mpaka mwaka 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Mashairi, insha, riwaya, wasifu, vyote viliandikwa na mtu aliyekuwa na daftari la mwajiri mezani na saa ya kuripoti kazini. Kiswahili hiki ninachowahutubia jioni hii kimepita mikononi mwa karani. Nikiwa ofisini nimechoka na hesabu zinakataa kulingana, huwa nalikumbuka hilo, na kiti changu kinakuwa laini kidogo.

Sasa najua swali mlilonalo. Sawa, karani, lakini muda? Muda uko wapi?

Ipo hadithi watu wanaipenda kuhusu mwandishi Franz Kafka, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi kule Prague. Usiku wa tarehe 22 Septemba mwaka 1912 alikaa mezani kuanzia saa nne usiku, akaandika hadithi nzima bila kunyanyuka, akaimaliza saa kumi na mbili asubuhi. Ni kweli, ilitokea. Lakini hadithi ile imewaharibu wengi, kwa sababu tunakaa tunasubiri usiku kama ule uje kwetu. Tunasubiri likizo. Tunasubiri watoto wakue. Tunasubiri kustaafu. Kusubiri nako ni kazi, ila haina mshahara.

Mimi napenda zaidi habari za Mwingereza Anthony Trollope. Huyu alifanya kazi posta miaka 33, tangu mwaka 1834 hadi 1867, na aliandika riwaya 47. Posta! Saa kumi na moja na nusu alfajiri anakuwa mezani. Anaweka saa yake mbele yake, na anajidai maneno 250 kila robo saa. Muda wa kuandika ukiisha, anavaa anakwenda kuhudumia barua za watu. Akisafirishwa kikazi, anaandika ndani ya treni kwa penseli, kibao magotini. Alikuwa akimlipa mtumishi wake mzee nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe, na katika maelezo ya maisha yake alikiri kwamba huenda hakuna mtu anayemwia deni kubwa la mafanikio kuliko yule aliyemwamsha. Hakumtaja mhariri wala mchapishaji. Alimtaja aliyemwamsha.

Na kama mtasema, alikuwa na mtumishi, mimi sina, basi mchukueni Toni Morrison. Mama wa watoto wawili wa kiume, ameachana na mumewe, ni mhariri ofisini. Alieleza kwamba alianza kuandika kabla ya mapambazuko kwa kulazimika tu, kwa sababu alihitaji ule muda kabla watoto hawajaita "Mama", na wao walikuwa wakiita kama saa kumi na moja alfajiri. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, ana miaka 39. Mwaka 1993 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ukiufuata mwanzo wake, unakuta kipande cha giza kati ya usingizi na neno "Mama".

Mimi ninazo dakika arobaini. Ndizo hizo. Jumatatu hadi Ijumaa, kabla ya kuoga kwenda kazini. Msumeno wa umeme siuwashi saa hizo, jirani ana haki ya kulala. Natumia vyombo vya mkono. Kiti ninachotengeneza kina viungo kumi na sita, na dakika arobaini zinanitosha kuchonga kiungo kimoja vizuri, ulimi na tundu lake, nikajaribu vikashikana bila kulegea. Asubuhi kumi na sita, viungo kumi na sita. Siku ambayo sijisikii, nachonga. Siku ninayojisikia sana, nikifika dakika ya arobaini, naacha. Hili la kuacha lilinichukua muda mrefu kulijifunza kuliko la kuanza. Ukiacha kabla hujachoka, mkono unatamani kesho ifike.

Nawaomba jambo moja tu hapa. Dakika hizo zisiwe za mwajiri. Usichonge saa ya kazi, usichapishe mashairi yako kwa karatasi za ofisi, na uusome mkataba wako, maana ipo mikataba inayosema ulichobuni ukiwa kazini, au kwa vifaa vya kazi, ni mali ya mwajiri. Nimeiona mingi, ndiyo kazi yangu. Someni mikataba yenu.

Twende kwenye vifaa, maana hapo ndipo wengi tunajifungia mlango wenyewe. "Nikipata kamera nzuri." "Nikipata kompyuta." "Nikipata karakana." Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichorea nini na juu ya nini? Rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Hakungoja turubai itoke Ulaya. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na leo mtindo ule una jina lake dunia nzima. William Kamkwamba wa Malawi alikuwa na miaka 14 alipoacha shule kwa kukosa karo, wakati wa njaa. Akaenda maktaba ya kijijini, akaona kwenye kitabu picha ya kinu cha upepo, akaenda jalalani. Fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki yaliyopashwa moto yakanyooshwa kuwa mapanga, nguzo za mkaratusi. Watu wakasema amerukwa na akili. Kinu kikazunguka, taa ikawaka. Mmeona? Mara mbili baiskeli! Yule kachukua rangi yake, huyu kachukua fremu yake. Na Kamkwamba hakuwa peke yake: kulikuwa na binamu, kulikuwa na rafiki aliyemnunulia dainamo, kulikuwa na mtu aliyeweka vile vitabu maktabani. Msidhani kujitegemea ni kufunga mlango.

Lakini kuna kitu kinachozidi kuwa na kifaa, nacho ni kukimudu. Nimekuja na patasi yangu ya kwanza. Hii hapa. Niliinunua imekwisha kutumika, ina kutu, ncha imemeguka kona moja. Kwa miaka miwili kila ilipopoteza makali niliipeleka kwa mtu aninolee. Namsubiri siku tatu. Wakati mwingine juma. Patasi iko kwake, mbao ziko kwangu, na mimi nasema "sina muda wa useremala." Siyo kweli. Muda nilikuwa nao. Makali ndiyo sikuwa nayo.

Mzee mmoja, fundi, ndiye aliyenikalisha chini. Akamwagia maji kinoo. Akaulaza ule mwinamo wa patasi juu ya jiwe, akaniambia usiinue, usikie. Nikabana kwa vidole viwili. Unasukuma, unarudisha, unasukuma, maji yanageuka kijivu kama uji mwepesi. Baada ya muda akanishika kidole gumba akakipitisha upande wa nyuma wa ncha, taratibu, kutoka ndani kwenda nje. Nikasikia mkwaruzo. Kitu chembamba kuliko unywele. Akasema, huo ni utandu wa chuma, umejikunja kuja huku, maana yake umefika mwisho wa upande ule. Ukiusikia kutoka kona hadi kona, geuza. Nikageuza patasi, nikailaza mgongo wake bapa kabisa juu ya jiwe, nikapitisha mara chache, utandu ukaondoka. Akanipa kipande cha mbao, akaniambia kata kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapotazama juu, pagumu. Nikasukuma kwa mkono bila nyundo. Likatoka ganda moja jembamba la mbao, limejikunja, na pale lilipotoka mbao iling'aa kama imepakwa mafuta.

Tangu siku ile sijasubiri mtu. Na wewe, patasi yako ni ipi? Cherehani yako ikikorofisha uzi, unaweza kuirekebisha mwenyewe? Gitaa lako ukilikuta halina sauti sawa, unaliweka sawa au unalifunika? Andiko lako, unajua kulisoma kama adui kabla hujampa rafiki?

Nafika sasa pale ambapo ningeweza kupapita haraka, na hotuba nyingi za namna hii hupapita haraka. Nyumbani.

Alikuwepo mwanamuziki mmoja, mzaliwa wa Hanover aliyehamia Uingereza, jina lake William Herschel. Alikuwa akipiga kinanda kanisani katika mji wa Bath na kufundisha muziki, na usiku alikuwa na penzi la nyota. Darubini za kununua hazikumtosha, akaamua kutengeneza zake, vioo akisugua mwenyewe. Tarehe 13 Machi mwaka 1781, kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, aliona kitu ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni sayari. Ndiyo Uranus. Mwalimu wa muziki kaongeza sayari katika hesabu ya wanadamu! Ni hadithi nzuri, na nimeisimulia mara nyingi mpaka siku nilipoisoma yote.

Kusugua kioo cha darubini hakukatizwi. Mara moja alisugua saa 16 bila kuondoa mikono. Sasa nawauliza, mtu asiyeondoa mikono saa 16 anakula vipi?

Alilishwa. Dada yake, Caroline, alimtilia chakula mdomoni, tonge kwa tonge. Akamsomea vitabu wakati anasugua. Caroline alikuwa amekuja Bath mwaka 1772 kwa ajili ya kuimba. Alifundishwa sauti, alianza kusimama mbele ya watu, alikuwa na njia yake. Akaiacha, kwa sababu kioo cha kaka kilihitaji kusuguliwa na kaka alihitaji kulishwa. Ndugu zangu, hapo nilifunga kitabu.

Maana kila mmoja wetu hapa ambaye ana saa yake ya alfajiri, yupo aliyeishika ile ncha nyingine ya saa. Nani anachemsha maji wewe ukiwa na kalamu? Nani anambembeleza mtoto wewe ukiwa na gitaa? Hata Trollope, kurasa zile alizoandika kwa penseli ndani ya treni, mkewe ndiye aliyezinakili.

Jioni moja nilikuwa karakana, nimejawa na fahari ya utaratibu wangu, dakika zangu arobaini za asubuhi na sasa nimejiongezea nyingine za jioni. Mke wangu akaja akasimama mlangoni, mtoto amelala begani. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Baba, na saa yangu mimi iko wapi?" Nikamjibu haraka, kama tunavyojibu, "Wewe sema tu, chukua muda wowote." Akasema, "Niuchukue wapi?" Akarudi ndani.

Nilizima taa nikabaki gizani. Mke wangu anaandika mashairi. Alikuwa na daftari lenye jalada la bluu tangu kabla hatujaoana. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuliona wazi. Mtoto wetu wa pili alikuwa hajazaliwa. Mimi, ninayesimama mbele ya watu kuzungumzia vipaji, nilikuwa nimekikalia kipaji cha mtu ninayempenda kuliko wote, nami sikujua, kwa sababu yeye alikuwa akinilisha tonge kwa tonge.

Kwetu sasa Jumanne na Alhamisi jioni ni zake. Mimi napika, mimi naogesha watoto, mimi nalaza, na mlango wake haugongwi. Mwanzoni daftari lilikaa wiki tatu bila neno. Msiogope wiki hizo. Mtu akinyimwa muda kwa miaka, siku akiupata anaukalia tu, anaushangaa. Wiki ya nne nilisikia kalamu.

Na Caroline? Usiku wa tarehe 1 Agosti mwaka 1786 kaka yake alikuwa safarini. Yeye alikuwa na darubini ndogo. Aliigundua nyota mkia, ya kwanza kati ya nane alizokuja kugundua. Mwaka uliofuata mfalme akaanza kumlipa pauni 50 kwa mwaka kama msaidizi wa kaka yake, na ameandika kwamba hizo ndizo fedha za kwanza maishani mwake alizojiona huru kuzitumia apendavyo. Alikuwa na miaka 37. Aliishi mpaka 97. Nafikiria ile sauti yake ya kuimba ilikwenda wapi. Siachi kuifikiria.

Nimeona mkono umepandishwa tangu nilipokuwa kwenye vifaa, na naamini najua swali. Je, tusiache kazi kamwe?

Sikusema hivyo. Wapo ambao kipaji chao kitakuja kusimama kwa miguu yake, na wakati huo kumng'ang'ania mwajiri ni kumzuia mtoto mkubwa asioe. Lakini tazameni Trollope alivyoondoka posta. Alikuwa anaondoka kabla ya umri wa kupata pensheni, yaani anaipoteza. Akakaa na mkewe wakashauriana, wakaamua ataacha siku ile akiba yake itakapokuwa inamwingizia kiasi kile kile ambacho pensheni ingemlipa. Akaweka akiba miaka. Alipofika, akaacha. Mimi mtu wa mishahara nikisoma habari ile nasimama wima. Hakuondoka kwa hasira, wala kwa sababu jana bosi alimkaripia. Aliondoka kwa hesabu, na hesabu ile aliifanya na mkewe.

Mimi ninalo sanduku. Fedha ya viti inaingia humo, na inatoka kwa ajili ya mbao, gundi, msasa na vyombo tu. Hailipi kodi, hailipi ada. Kodi na ada ni za mshahara. Kila mwisho wa mwaka mimi na mke wangu tunalifungua tunahesabu pamoja. Limekuwa likiongezeka, polepole. Bado halijafika. Huenda lisifike, na viti vitaendelea kutengenezwa, kila kiungo usiku kucha kwenye vibano.

Yule mama bado anacho kiti chake. Mimi hupita kwao nikitoka kazini. Mara ya mwisho alikuwa amekaa nje amekiegemeza ukutani kwa miguu miwili ya nyuma, jambo ambalo fundi hapendi kuliona, na nikakiangalia kile kiungo cha mbele. Hakijafunguka hata unywele.

Nimewachosha, na najua wengi mna kazi kesho asubuhi. Hapa mezani pana kinoo na bakuli la maji, na patasi yangu nimeileta ikiwa butu makusudi. Atakayetaka kuusikia ule utandu kwa kidole chake mwenyewe, asogee mbele. Sianzi mpaka mwenye mtoto begani apate kiti.